Friji Lipoe, Penzi Lisipoe

Siku hizi fungate si lazima iwe hoteli ya nyota tano. Wapo wapenzi wanaochukua Hiace, wanang'oa viti vya nyuma, wanaweka godoro, jiko la gesi na friji dogo la betri, halafu hao! Mikumi, Ruaha, Lushoto, popote roho inapotaka. Raha yake ni kwamba mnalala mnapopenda na mnakula mnachopenda. Ila usishangae ugomvi wa kwanza usipotokana na simu wala ex. Unaweza kutokana na friji. Kuku ameanza kunuka, soda ni za moto, na mbaya zaidi, asubuhi gari limegoma kuwaka. Hapo ndipo utasikia, "Si nilikwambia!"

Kabla hamjafika huko, kaeni chini wawili mlielewe hili friji.

Halitengenezi baridi, linatoa joto

Friji la kompresa la garini linafanya kazi kama lile la nyumbani, ila linatumia umeme wa betri wa volti 12. Kompresa inazungusha gesi kwenye mabomba, gesi inabeba joto kutoka ndani na kwenda kulitupa nje. Kwa hiyo joto la ndani ya gari ni ishu kubwa. Gari likiachwa juani vioo vimefungwa, friji litahangaika mchana kutwa. Na ukiziba matundu yake ya hewa kwa mito na mabegi, joto linakosa pa kutokea na kompresa haipumziki. Acheni nafasi ya upana wa kiganja pembeni yake.

Msilichanganye na yale maboksi ya bei poa yenye feni, yanayochomekwa kwenye tundu la laita. Hayo kwa kawaida hupoza kiasi cha nyuzi 20 hivi chini ya joto la nje. Kama nje ni nyuzi 35, ndani mnapata 15. Kwa maji ya kunywa sawa, kwa nyama hapana.

Hesabu ya mezani

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Chukulia mna friji la lita 40. Kompresa ikiwa inazunguka huvuta kama ampea 4. Haizunguki muda wote. Inawaka, ikishapoza inazima. Kwenye joto kama la Dar, tuseme inazunguka asilimia 40 ya muda. Zidisha saa 24 mara 4 mara 0.4, unapata karibu ampea-saa 38 kwa siku. Mkipanda Iringa kwenye ubaridi, hesabu inashuka.

Sasa geukia betri. Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 haitakiwi kutumika zaidi ya nusu, la sivyo mnaiua mapema. Kwa hiyo mna 50 tu: siku moja na saa chache za ziada. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo inaweza kutoa 80 au zaidi, yaani siku mbili. Ni ghali, lakini kwa wanaosafiri mara kwa mara inajilipa.

Na betri ya gari lenyewe? Hiyo kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, selfu izunguke, basi. Haikuundwa kunyonywa taratibu usiku kucha. Mkiegemeza friji hapo, halafu mkapaki jioni na kukaa hadi kesho yake mchana, msije mkamlaumu fundi. Na kumbukeni, mkiwa katikati ya Ruaha hakuna jirani wa kubusti betri, na kushuka kusukuma gari kwenye eneo la simba si mchezo. Wekeni betri ya pili kwa ajili ya friji, na swichi ya kuitenganisha na ile ya gari injini ikizimwa.

Kama bajeti bado hairuhusu, angalau tumieni kinga ya betri. Friji nyingi za aina hii zina ngazi tatu za kinga. Mkitumia betri ya gari, wekeni ya juu kabisa ili friji lizime mapema. Waya nao usidharauliwe. Nyaya nyembamba za tundu la laita hupoteza umeme njiani, friji likadhani betri imekwisha kumbe bado. Mwambieni fundi umeme avute waya mnene, milimita za mraba 6, moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri.

Sola inasaidia. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inaweza kurudisha kama ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku. Tatizo ni kwamba gari linataka kivuli na paneli inataka jua. Ile ya kukunja yenye waya mrefu inamaliza ubishi huo.

Kazi ya wawili

Friji la safari halina "hiyo kazi yako". Kubalianeni haya kabla ya kuondoka:

Lipozeni nyumbani kwa umeme wa ukutani, siku moja kabla. Pakieni vitu vilivyokwisha poa, na nyama iliyoganda. Kreti la soda za moto mkiliingiza njiani, betri ndiyo inalipa.

Pangeni kwa zamu ya kula. Cha leo juu, cha keshokutwa chini. Kila anayefungua ajue anachotafuta, si kuinamia friji kama anachagua kitenge. Friji la kufunguka juu hutunza ubaridi, maana hewa baridi ni nzito, inabaki chini. La mlango wa mbele linaumwagia miguuni.

Wekeni kipimajoto ndani. Nyama, samaki na maziwa vinataka nyuzi 4 au chini. Nyama mbichi ikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, tupeni. Nje kukiwa zaidi ya nyuzi 32, ni saa moja tu. Inauma, ila kuharisha porini kunauma zaidi.

Kama mmoja wenu anatumia insulini, semeni mapema. Chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8 na hazitakiwi kuganda hata kidogo. Zisiguse ukuta wa friji, na mwenzako ajue zilipo.

Kabla ya kuzima taa

Mchana mkiwa barabarani injini inachaji, kwa hiyo lishusheni friji lipoe vizuri. Jioni mkipaki, lipandisheni hadi nyuzi 4. Kompresa itazunguka kidogo, betri itapumua, na nyie mtalala bila kelele nyingi.

Halafu mmoja asome volti. Betri ya asidi iliyopumzika ikionyesha 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Mkikuta 12.2 na ndiyo kwanza saa mbili usiku, msianze kutafutana nani alisahau nini. Washeni jiko, toeni nyama yote iliyobaki, mpike na mle kwa mwanga wa nyota. Maji na matunda hayana haja ya friji hadi asubuhi, na gari litawaka.