Mji kasoro bahari na biashara ya mbio ndefu

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimpiku Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe kwa sekunde 0.03. Wote wawili waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho ndiyo iamue. Zawadi ya mshindi wa marathoni katika mashindano hayo ya dunia ilikuwa dola 70,000, na ya mshindi wa pili dola 35,000. Maana yake ni kwamba upenyo ule, ambao jicho la kawaida haliuoni, ulikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi milioni 80. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo.

Naanza na fedha kwa sababu taarifa zetu za riadha huishia kwenye bendera na mapokezi ya uwanja wa ndege. Mbio ndefu ni kazi, tena kazi yenye mtaji mkubwa na mapato ya kubahatisha. Mkimbiaji wa marathoni wa kiwango cha juu hukimbia mbio mbili kubwa kwa mwaka, tatu akijikaza: moja kati ya Februari na Aprili, nyingine kati ya Septemba na Desemba. Kila moja inamdai miezi mitatu hadi minne ya maandalizi, na katika miezi hiyo haingii hata senti. Akiumia nyama za paja wiki mbili kabla ya mbio, nusu mwaka umekwenda na maji.

Hata akishinda, fedha haiji nzima. Aprili 2025 Simbu alishika nafasi ya pili Boston kwa saa 2:05:04, nafasi ambayo zawadi yake ni dola 75,000. Tupige hesabu ya zawadi ya namna hiyo. Marekani kwa kawaida hukata kodi ya asilimia 30 kwa mgeni, zinabaki 52,500. Wakala naye huchukua kama asilimia 15 ya zawadi nzima, yaani dola 11,250. Zinabaki 41,250, na hapo kocha, wenzake wa mazoezini na mtu wa kukanda misuli hawajaonja. Tena malipo husubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, jambo linaloweza kuchukua miezi.

Nani basi anamlisha mkimbiaji wa Tanzania katika miezi ile ya ukame? Kwa sehemu kubwa ni jeshi. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 na kushika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo kuanzia 1988, alikuwa ofisa wa JWTZ. Simbu naye ni askari wa jeshi hilohilo. Mshahara wa kila mwezi, matibabu na ruhusa ya kukaa kambini ndio mtaji wa kwanza wa riadha yetu, ingawa hakuna anayeuandika kwenye vitabu vya uwekezaji. Makampuni huja baadaye, mara nyingi medali ikishaonekana.

Sasa iweke triathloni kwenye hesabu hizo: kuogelea, baiskeli na mbio, bila kupumzika katikati. Mchezo huu ulianzia San Diego, California, mwaka 1974 ukaingia Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Umbali wa Olimpiki ni kilomita 1.5 za maji, 40 za baiskeli na 10 za miguu. Ule mrefu, wa Ironman, ulioanzia Hawaii mwaka 1978, ni kilomita 3.8, 180 na 42.2. Bingwa wa dunia wa Ironman hulipwa dola 125,000, fedha inayozidi ile ya Boston kwa mshindi wa pili, ila gharama za kuifikia ni za dunia nyingine. Mkimbiaji anahitaji viatu. Mwanatriathloni anahitaji viatu, bwawa, kocha wa maji, na baiskeli ya mashindano ambayo Ulaya inauzwa zaidi ya dola 10,000, achilia mbali ada ya kuisafirisha kwa ndege kila anapokwenda.

Tanzania inayo michezo yote mitatu, ila kila mmoja una wenyewe. Mbio ni za watoto wa vijijini Singida, Manyara na Arusha, wanaochukuliwa na majeshi. Kuogelea kwa ushindani kumekaa zaidi Dar es Salaam, kwenye vilabu vilivyo karibu na shule za kimataifa. Baiskeli ni chombo cha kazi: mkaa, maziwa, mikungu ya ndizi. Timu yetu ya Olimpiki ya Paris 2024 ilikuwa ya watu saba: wanne wa marathoni, wawili wa kuogelea, mmoja wa judo. Mkimbiaji wa Mbulu na muogeleaji wa Masaki wanaweza kupanda ndege moja kwenda Paris bila kuwahi kufanya mazoezi pamoja hata siku moja. Na kuogelea hakungoji: anayeanza akiwa na miaka ishirini atapoteza dakika nyingi majini ambazo miguu haitazirudisha.

Morogoro ni mahali pazuri pa kuupima mgawanyiko huo, kwa kuwa karibu kila kitu kipo isipokuwa kile kinachotajwa kwenye jina lake la utani, mji kasoro bahari. Mji uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Uluguru inaanza palepale nyumba zinapokoma. Kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano, kinazidi mita 2,000. Kimhandu, upande wa kusini zaidi, inapita 2,600. Njia ya kupanda Morningside ina mteremko ambao kocha wa Ulaya angeulipia. Akina mama wa Kiluguru wanashuka nayo alfajiri na vikapu kichwani kuwahi Soko la Chifu Kingalu, kisha wanaipanda tena mchana. Chakula nacho kipo na ni rahisi: kabeji, karoti na njegere za Mgeta, ndizi na machungwa ya Kinole na Matombo.

Ufundi pia upo. Karakana ya fundi baiskeli ni kivuli cha mti, benchi na kopo la grisi. Baiskeli imepinduliwa, tandiko chini, magurudumu juu. Fundi anazungusha rimu huku kidole gumba kikiwa karibu na ukingo, anasikiliza inapogusa, anakaza spoki moja robo mzunguko na kulegeza ya upande wa pili, anazungusha tena, mpaka rimu iache kuyumba. Mkono huo ndio uleule unaolipwa vizuri kwenye timu za kulipwa. Kinachokosekana ni vipuri. Rimu nyepesi, gia za mashindano na tairi nyembamba haviko dukani. Vinaagizwa nje, na juu ya ushuru wa forodha kuna VAT ya asilimia 18. Baiskeli ya mashindano ikikatika kipuri, msimu unasimama hadi mzigo ufike.

Maji ndiyo kikwazo kikubwa. Bwawa la Mindu lilijengwa kwa ajili ya maji ya kunywa ya mji, na libaki hivyo. Mabwawa ya hoteli ni ya wageni kujipoza. Ila tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, Dar es Salaam iko chini ya saa mbili. Kwa nauli ya shilingi 13,000 ya daraja la kawaida ya wakati treni inaanza, muogeleaji anayekwenda na kurudi mara mbili kwa wiki anatumia shilingi 52,000, au 208,000 kwa wiki nne. Inawezekana, lakini mwanatriathloni wa kulipwa huingia majini mara nne au tano kwa wiki. Kwa hiyo ningeanza na duathloni, mbio-baiskeli-mbio, ambayo haidai bwawa na inamruhusu kijana wa Kiluguru kushindana kwa alicho nacho tayari.

Jirani hajasubiri. Rwanda ilileta mbio za nusu Ironman Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, mwaka 2022, na Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Kwetu, Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi tangu 2003, imeonyesha jinsi wikiendi moja inavyojaza vyumba vya mji mzima.

Morogoro nayo inaweza kuwauzia wageni kambi za mazoezi, ila isijinadi kuwa Iten. Mji ule wa Kenya uko mita 2,400, na wageni huufuata kwa ajili ya hewa nyembamba. Huku, vijiji vya juu kama Nyandira havifiki 2,000, na kule juu zaidi ni hifadhi ya msitu, si mahali pa kujenga kambi. Wala barabara kuu ya Iringa, yenye malori na kipande cha kukatiza Hifadhi ya Mikumi, si ya kumpeleka mwendesha baiskeli. Mji huu una milima mikali, joto linalomfaa anayejiandaa kwa Ironman ya Hawaii, na wakati wa mwaka unaoangukia pazuri. Kati ya Juni na Septemba masika yameisha, asubuhi ina ubaridi, na ndiyo miezi ambayo wakimbiaji na wanatriathloni wa dunia wanajiandaa kwa mbio za Oktoba na Novemba. Vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe navyo hufunga katikati ya mwaka, mabweni yakabaki wazi hadi wanafunzi warudi Oktoba au Novemba. Kitanda cha bweni, milo mitatu inayotoka Kingalu, fundi wa baiskeli na kijana anayezijua njia za Morningside: kifurushi hicho kinaweza kupangiwa bei kwa dola na kuuzwa Julai ijayo, na sehemu ya mapato yake ikanunua baiskeli za kwanza za duathloni.