Wakiachwa Wachague Dini, Wanyarwanda Huenda Wapi?

Novemba 1931 Wabelgiji walimvua Yuhi Musinga ufalme wa Rwanda. Makosa aliyobebeshwa yalikuwa mengi, lakini moja kila mtu alilijua: alikataa katakata kubatizwa. Alihamishiwa Kamembe, kusini mwa Ziwa Kivu, kisha akavushwa hadi Moba huko Kongo, na huko ndiko alikofia mwaka 1944. Mwanawe Rudahigwa, aliyeketishwa kwenye kiti chake, alibatizwa Oktoba 1943 kwa majina ya Charles Léon Pierre. Msimamizi wake wa ubatizo alikuwa Pierre Ryckmans, gavana mkuu wa Kongo ya Wabelgiji. Katika miaka ile ya thelathini machifu walimiminika misheni, na raia wakawafuata kwa maelfu. Mapadre wenyewe waliita wimbi hilo kimbunga.

Kwa hiyo kumwuliza mtu wa Rwanda leo angefuata dini gani kama angechagua kwa hiari yake si kumchokoza bure. Mababu wa wengi walibatizwa wakati ubatizo ulikuwa njia ya kupata uchifu, shule na kazi ya ukarani. Je, wajukuu wao, wasio na chifu wa kuwashurutisha na wenye katiba inayolinda uhuru wa dhamiri, wanakwenda wapi?

Gisenyi ni mahali pazuri pa kulifuatilia swali hili. Mji huu wa wilaya ya Rubavu umebanwa kati ya ziwa, volkano na mpaka wa Goma, na ndani ya juma moja dini zake zote hupita barabarani. Ijumaa adhana inaita. Jumamosi Wasabato wanakwenda ibadani huku wenzao wakipanga foleni kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière na mabeseni ya nyanya kichwani. Jumapili ni zamu ya Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste, na hao wa mwisho ndio wanaosikika mbali zaidi.

Kabla ya wote hao palikuwa na Ryangombe. Katika ibada ya kubandwa, Ryangombe alikuwa mkuu wa mizimu iitwayo imandwa, mwindaji aliyeuawa na nyati. Waliopewa unyago wake waliamini kwamba wakifa wataishi naye kwa raha juu ya Karisimbi, kwenye baridi na ukungu. Asiyeingizwa alitupwa katika moto wa Nyiragongo. Milima yote miwili ni jirani wa Gisenyi. Ibada hiyo ilipokea Wahutu, Watutsi na Watwa bila kubagua, na mfalme mwenyewe hakuruhusiwa kuingizwa. Mtu hakuzaliwa nayo kama anavyozaliwa na ukoo. Alisindikizwa na waliotangulia, akaapishwa, akapewa wazazi wapya wa kiibada. Kumbukeni jambo hilo la kusindikizwa, maana wanasayansi wa karne ya ishirini walikuja kuligundua upya wakiwa mbali sana na Kivu.

Mapema miaka ya 1960, wanasosholojia John Lofland na Rodney Stark walifuatilia kikundi kidogo cha wafuasi wa Sun Myung Moon wa Korea kilichokuwa kikitafuta waumini karibu na San Francisco. Walitarajia kuona watu wakivutwa na mafundisho. Hawakuona hivyo. Makala yao ya mwaka 1965 ilionyesha kwamba waliojiunga ni wale ambao urafiki wao na wanakikundi ulizidi nguvu urafiki wao na watu wa nje. Wengi walijifunza mafundisho vizuri baada ya kuingia, na baadaye walisimulia kana kwamba mafundisho ndiyo yaliyowaita. Tangu hapo matokeo ya namna hiyo yamejirudia katika tafiti nyingi: mtu huifuata dini ya watu wake, au ya watu anaotaka wawe wake.

Biolojia nayo ina neno lake. Mwaka 2005 Laura Koenig na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanaume pacha wa Minnesota, Marekani. Walikadiria kwamba tofauti za bidii ya dini utotoni zilitokana na vinasaba kwa asilimia 12 tu, lakini utu uzimani mchango huo ulipanda hadi asilimia 44. Kijana akitoka kwa wazazi, tabia yake ya kuzaliwa hujitokeza. Lakini hiyo ni bidii, yaani kama atasali sana au kidogo. Kuhusu jina la dini yenyewe, Ukatoliki au Uislamu, tafiti za mapacha zimekuta kwamba malezi na jamii ndiyo yanayotawala. Mtu anaweza kurithi goti jepesi la kupiga. Msikiti au kanisa la kulipigia hupewa na mtaa.

Na mtaa una kumbukumbu ndefu. Mchumi Nathan Nunn alichukua ramani ya vituo vya misheni barani Afrika ya mwaka 1924 akailinganisha na majibu ya Waafrika wa leo. Watu ambao makabila yao yalikuwa karibu zaidi na misheni zamani wana uwezekano mkubwa zaidi wa kujiita Wakristo sasa. Jirani na Gisenyi ipo Nyundo, misheni ya Mapadre Weupe iliyofunguliwa mwaka 1901. Mwaka 1952 ilipewa askofu, Aloys Bigirumwami, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika makoloni yote ya Ubelgiji. Askofu huyo alitumia miaka mingi kukusanya na kuandika methali, mila na miiko ya Wanyarwanda, zikiwemo zile ambazo mapadre waliomtangulia walizipiga vita.

Ingekuwa urithi peke yake, hadithi ingeishia hapo. Lakini mwaka 1994 ulitikisa kila kitu. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo, Nyundo ikiwemo, na baadhi ya viongozi wa dini walishiriki. Baada ya hapo ilisikika habari kwamba Wanyarwanda wanalikimbia Kanisa na kusilimu, kwa kuwa Waislamu wengi, hasa Nyamirambo jijini Kigali, waliwaficha majirani zao. Septemba 2002 gazeti la Washington Post liliandika kwamba Waislamu wamefika asilimia 14, mara mbili ya idadi ya kabla ya mauaji.

Sensa ilikuwa imefanyika mwezi mmoja tu kabla. Ilikuta Waislamu asilimia 1.8.

Mwaka 1991 walikuwa kama asilimia 1.2, na katika sensa za 2012 na 2022 wamekuwa takribani asilimia 2. Waliosilimu walikuwepo, na sababu zao zilikuwa za kweli, lakini mafuriko yaliyotangazwa hayakutokea. Waliohama kwa wingi walikwenda kwingine. Wakatoliki walikuwa zaidi ya asilimia 60 mwaka 1991. Mwaka 2002 walibaki karibu nusu ya watu wote, mwaka 2012 asilimia 44, na mwaka 2022 asilimia 40. Katika sensa hiyo ya mwisho Wapentekoste walikuwa asilimia 21, Waprotestanti wengine 15, Waadventista Wasabato 12. Wasio na dini hawakuzidi asilimia 3 hivi, na wafuasi wa Ryangombe karibu hawaonekani kwenye majedwali. Si badiliko lote linatokana na watu kuhama dini, maana baada ya 1994 walirejea pia mamia ya maelfu ya waliokulia ugenini, kila mmoja na kanisa lake. Hata hivyo mwelekeo uko wazi: Mnyarwanda anayehama hutoka kanisani akaingia kanisani.

Mchumi Laurence Iannaccone alitoa maelezo yake mwaka 1990. Kila mtu, anasema, hujiwekea mtaji wa dini: nyimbo anazozijua, hadithi za Biblia, marafiki wa kwaya, adabu za ibada. Mkatoliki wa Gisenyi akienda kwa Wapentekoste, sehemu kubwa ya mtaji huo anaibeba. Akienda msikitini anaanza upya, kuanzia lugha ya sala hadi chakula na majina ya watoto. Shirika la utafiti la Pew lilipohoji watu zaidi ya 25,000 katika nchi 19 za Afrika, Rwanda ikiwemo, ripoti yake ya mwaka 2010 ilikuta kwamba Ukristo na Uislamu havinyang'anyani waumini kwa kiasi kikubwa. Uganda ilikuwa tofauti: kama theluthi moja ya waliolelewa Uislamu walisema sasa ni Wakristo.

Lakini mtaji hauelezi kwa nini mtu aondoke kabisa. Hapo Joseph Henrich, mtaalamu wa mageuzi ya utamaduni, anasaidia. Mwaka 2009 alipendekeza kwamba akili ya binadamu haiamini maneno matupu. Inatazama vitendo vyenye gharama, ambavyo asiyeamini kweli asingevifanya. Gisenyi ilishuhudia kitendo cha namna hiyo. Félicité Niyitegeka, mtumishi wa Kanisa Katoliki aliyeongoza kituo cha Saint Pierre, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka kwenda Zaire. Yeye alikuwa Mhutu, na kaka yake, afisa wa jeshi, alimsihi aondoke ajiokoe. Alikataa. Aprili 21, 1994 aliuawa pamoja na wale aliowalinda, mahali palipoitwa Commune Rouge. Leo ni shujaa wa taifa wa daraja la Imena. Waliomwona hawakuhitaji mahubiri zaidi, kama vile waliofichwa na Waislamu wa Nyamirambo hawakuyahitaji. Wala dini yoyote isijivune kupita kiasi: Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la chuki la Kangura na mkazi wa mji huu huu wa Gisenyi, alijitambulisha kuwa Mwislamu, na mahakama ya kimataifa ya mauaji hayo iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003.

Tetemeko nalo huhubiri. Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na mara hiyo ya pili matetemeko yalipasua nyumba za Rubavu kwa siku kadhaa. Kama tetemeko hugeuza imani, New Zealand ilitokea kuwa na watafiti wa kulipima hilo, waliokuwa wakiwahoji watu wale wale mwaka hadi mwaka tangu 2009. Tetemeko la Februari 2011 lilipoubomoa mji wa Christchurch, Chris Sibley na Joseph Bulbulia waliweza kulinganisha kabla na baada. Nchini kote dini ilikuwa ikipungua, ila miongoni mwa walioguswa na tetemeko ilipanda.

Inabaki shida ya kujua ukweli wa moyoni. Sensa hujibiwa mlangoni, mara nyingi na mkuu wa kaya kwa niaba ya wote. Baba akisema nyumba yake ni ya Wakatoliki, kijana wa miaka 19 aliyeacha kusali huhesabiwa Mkatoliki. Watafiti wana njia ya kuipita aibu hii. Kundi moja la watu hupewa sentensi nne za kawaida: nina baiskeli, sili nyama, na kadhalika. Kila mtu anataja idadi tu ya sentensi zinazomhusu, hasemi zipi. Kundi la pili linapewa hizo hizo nne na ya tano: siamini kuwa Mungu yupo. Tuseme kundi la kwanza lina wastani wa 2.1 na la pili 2.2. Ile sehemu ya kumi iliyozidi ni asilimia 10 ya wasioamini, na hakuna aliyejitaja. Will Gervais na Maxine Najle walipoitumia Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walikadiria asilimia 26 ya wasioamini, wakati kura za kawaida za maoni zilikuwa zikipata 3 hadi 11. Njia hii ina kasoro zake, kwa sababu kosa dogo la kuhesabu hukua haraka. Lakini inatukumbusha kwamba jibu linalotolewa mbele ya wazazi huenda si lile la moyoni.

Uhuru wa kuchagua unahitaji pia mlango ulio wazi. Tangu 2018 serikali ya Rwanda imefunga maelfu ya nyumba za ibada, na mwaka 2024 ilifunga tena maelfu, ikitaja majengo mabovu, vyoo, kelele na wahubiri wasio na shahada ya theolojia. Makanisa madogo ya Kipentekoste, yale yaliyokuwa yakikua kwa kasi, ndiyo yaliyo rahisi kukosa masharti hayo. Kanisa la mtaani likifungwa, wengine watarudi walikotoka, wengine watapanda pikipiki waende la mbali, na wengine watabaki nyumbani. Takwimu za 2022 haziwezi kutuonyesha nani alifanya lipi.

Wataalamu wa takwimu wa Rwanda wanaweza kurahisisha kazi hii bila gharama kubwa. Katika sensa ijayo, baada ya kuuliza dini ya mtu, waongeze swali moja: ulilelewa katika dini gani? Na kwa wenye miaka kumi na minane au zaidi, wamwache kila mmoja alijibu mwenyewe.