Hukumu ya Arusha na sisi tuliotoka Bujumbura

Wengi wetu tuliondoka Bujumbura mwaka 2015, moshi wa matairi bado uko Musaga na Nyakabiga. Aprili chama kilimteua rais Nkurunziza agombee muhula wa 3, watu wakaingia barabarani. Mwezi wa 5 Mahakama ya Katiba ikasema ni halali. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikataa kutia sahihi. Naye akakimbia nchi kama sisi.

Julai mashirika ya kiraia yakapeleka kesi Mahakama ya Afrika Mashariki, kule Arusha. Septemba 2016 yakashindwa, yakakata rufaa. Tukasubiri wee, mpaka watoto tuliowabeba mgongoni wakaanza shule! Tarehe 25 Novemba 2021 majaji wa rufaa wakatamka: uamuzi ule wa 2015 ulivunja Makubaliano ya Amani ya Arusha ya mwaka 2000, na Mkataba wa Jumuiya pia.

Hukumu za pale ni za hadhara, lakini sisi kutoka kambini ni mpaka kibali. Tuliisikia kwa redio. Mzee mmoja akauliza, "Sasa nani atafungwa?" Hakuna, mzee wetu. Mahakama ile haifungi mtu, inahukumu serikali. Tena Nkurunziza mwenyewe alishafariki Juni 2020.

Hata hivyo tarehe ile tuliiandika kwenye daftari. Na mjue hili: mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali pale, ila asipitishe miezi 2 tangu jambo litokee au alijue.