Familia na Baiskeli: Kutoka Buxton hadi Mji wa Kale

Kisiwani Mombasa, baiskeli hutajwa aghalabu kama chombo cha kazi: ya muuza mikate, ya fundi aliyefunga mfuko wa vifaa kwenye karia. Ni nadra kutajwa kama chombo cha kuwaburudisha baba, mama na watoto kwa pamoja. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi familia iishiyo Buxton inavyoweza kuanza mazoea hayo, na kwa nini mafanikio yake hutegemea saa na njia kuliko bei ya baiskeli yenyewe.

Msomaji atakumbuka kwamba hata neno bodaboda, ambalo leo kwa wengi ni pikipiki, asili yake ni baiskeli. Lilizuka miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Pikipiki imerithi jina, na mwenye jina akasahauliwa.

Buxton i karibu na daraja la Nyali. Nyumba zake za zamani zilianza kubomolewa mwaka 2021 kupisha majumba ya ghorofa, na mtoto wa ghorofani, kama ijulikanavyo, hana ua wa kujifunzia. Nje ipo Barabara ya Abdel Nasser, ambapo mwendesha baiskeli hugawana lami na matatu, tuktuk na malori. Hofu ya wazazi ina msingi, wala haifai kubezwa. Hata hivyo, kisiwa chote ni takriban kilomita za mraba 14, ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare, na kutoka Buxton hadi Ngome ya Yesu ni mwendo wa kilomita 2 hivi.

Mtoto afunzwe kwanza uwanjani. Zamani alijifunzia baiskeli kubwa ya babaye, ile iitwayo Black Mamba, kwa kupitisha mguu chini ya chuma cha juu cha fremu na kukanyaga pedeli huku mwili umeinama upande. Wengi walihitimu kwa njia hiyo, na makovu ya magoti ndiyo shahada yao. Ipo njia nyepesi zaidi: kiti kishushwe hadi nyayo zote mbili ziguse ardhi, pedeli zifunguliwe, mtoto aachwe ajisukume kwa miguu. Kinachomwangusha mwanagenzi si kukanyaga bali kukosa mizani. Baiskeli inapoegemea upande mmoja, sharti usukani ugeuzwe kidogo upande uo huo ili magurudumu yarudi chini ya uzito wa mwendeshaji. Silika humwamuru afanye kinyume. Mwili ukishalizoea hilo, pedeli zirudishwe.

Suala la mama nalo lina uzito wake. Wapo wanaodai kwamba baiskeli haimfai mwanamke mwenye staha. Kwa maoni yetu, kizuizi cha kweli ni cha kiufundi: pindo la buibui hunaswa na mnyororo. Fremu isiyo na chuma cha juu, kifuniko cha mnyororo, na suruali pana chini ya buibui lililokusanywa vyema, huliondoa tatizo hilo bila kuigusa staha ya mtu. Mnyororo wenyewe upakwe mafuta mara kwa mara, maana hewa ya bahari ina chumvi na chuma huliwa upesi.

Safari ya kwanza iwe Jumapili, mara tu kunapopambazuka, kabla matatu hazijachangamka. Mzazi mmoja atangulie, watoto wawe katikati, mzazi wa pili afunge msafara, wote wakishika kushoto. Penye kuvuka barabara kubwa, washuke na kusukuma. Wakiisha kupita Bondeni na kuingia Kuze na Kibokoni, hali hubadilika: vichochoro ni vyembamba, na gari likipita hupita polepole. Ujenzi wa kale umetekeleza kazi ambayo kwingineko hufanywa na matuta. Hatari iliyobaki ni ya pembe zisizoonyesha ng'ambo. Hapo kengele ilie, na penye watu barazani au wanaotoka msikitini, adabu ni kushuka na kutoa salamu.

Mwanafunzi wa lahaja atapunguza mwendo afikapo Ndia Kuu. Kibao cha mtaa kimehifadhi ndia ya Kimvita mahali ambapo Kiswahili sanifu husema njia, nacho chamfaa mtoto kuliko ukurasa mzima wa isimu. Msafara huishia Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mahamri na mbaazi huliwa wakati wa kurudi.

Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea, lisubiri miezi kadhaa. Huko upepo ndio mwalimu. Msimu wa kaskazi, anayekwenda Nyali hukabiliana nao usoni, kisha humsukuma akirejea. Msimu wa kusi mambo hugeuka: mtoto hupaa akienda, akadhani ni nguvu zake, wakati wa kurudi mzazi hujikuta akisukuma baiskeli mbili.