Shotigani za bei poa: usidanganywe na vanishi

Wadau, swali hili naulizwa sana: hizi shotigani za bei rahisi kutoka nje, za Kituruki na Kirusi, ni mzigo wa maana au bomu la mkononi? Si swali la mchezo. Walinzi wengi wa maduka na yadi wamebeba silaha za namna hii, na mtutu ukipasuka anayepoteza vidole ni yule mlinzi, siyo bosi aliyenunua.

Kwanza, rahisi haina maana mbovu. Cheki Baikal ya Izhevsk, Urusi: nzito, mbao za kawaida, nakshi hamna, lakini inapiga kazi. Wamebana hela kwenye urembo, siyo kwenye chuma. Uturuki nako kuna Huğlu, mkoa wa Konya, ambako mafundi wana ushirika wao wa bunduki tangu 1962. Ila viwanda vya Kituruki ni vingi, wapo makini na wapo wababaishaji. Kwa hiyo kusema "ni ya Kituruki" tu haitoshi.

Mimi nikishahakikisha haina risasi, naangalia haya:

1. Mhuri. Nchi wanachama wa CIP hujaribu kila bunduki mpya kwa risasi yenye presha kuliko ya kawaida. Ikivumilia, inagongwa mhuri. Birmingham, Uingereza, wana nyumba ya kazi hiyo tangu 1813. Mhuri hamna? Uliza kulikoni.

2. Chemba. Mtutu huandikwa 70 au 76, yaani milimita. Risasi ya 76 inaweza kuingia kwenye chemba ya 70 bila shida, ila ikifyatuka mdomo wake unakosa nafasi ya kufunguka na presha inapanda. Hapo ndipo balaa.

3. Bawaba, kwa ile inayokunjwa katikati. Toa mbao ya mbele, funga, tikisa. Mpya halafu inacheza? Iache.

4. Ndani ya mtutu. Elekeza kwenye mwanga. Pete za kivuli zikipinda, mtutu umebonyea.

Na haya siyo ya uchochoroni. Hapa Tanzania silaha ni kwa leseni, chini ya sheria ya 2015. Muuzaji akikukatalia kukagua, achana naye.

Nawe mlinzi unayesoma hapa kabla ya kuingia lindo: hiyo uliyokabidhiwa, umeshawahi kusoma kilichoandikwa kwenye mtutu wake?