Sala Haiachwi Njiani: Mazingatio Kutoka Voi na Taita

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, mama zetu na dada zetu katika imani, sisi wa mwambao tumezoea sala iliyo nyepesi. Adhana twaisikia kila upande, msikiti u karibu, na jirani akituona tumetandika msala hashangai. Lakini saa chache tu za safari, tukiisha kuvuka nyika ya Taru na kuingia Voi, hali ni nyingine. Katika Taita Taveta Waislamu ni wachache, vijiji viko mbalimbali, na mara nyingi mwenye kusali husali peke yake kati ya watu wasiosali kama yeye. Juu ya hayo pana shida ya maji.

Na maji hayo yatuhusu. Chemchemi ya Mzima imo ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, katika kaunti hiyo hiyo. Tangu miaka ya 1950 bomba lake, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, limekuwa likiteremsha maji hadi Mombasa. Baadhi ya maji tunayotilia udhu, basi, yamepita katika nchi ambayo wanawake wake bado wabeba madumu kutafuta ya kunywa. Aliye na bomba la kufungua na kufunga akaiahirisha sala kwa uvivu, na amkumbuke mwenziwe huyo.

Dini yetu haikumwacha mwanamke huyo bila njia. Tukumbuke jinsi hukumu ya kutayamamu ilivyoteremka. Mama yetu Aisha (R.A.) alikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), kidani chake kikapotea, msafara ukasimama kukitafuta mahali pasipo maji. Watu walinung'unika, na babake, Abubakar (R.A.), akamkemea. Katika dhiki hiyo ndipo Mwenyezi Mungu alipoteremsha ruhusa ambayo umma mzima waitumia hadi leo. Ngamia alipoinuliwa, kidani kikaonekana chini yake. Lawama aliyoibeba mwanamke mmoja ikawa mlango wa wepesi kwetu sote.

Basi mwenye maji ya kunywa tu, yeye na watoto wake, huyo ahesabiwa kama asiye na maji. Katika madhehebu yetu ya Shafi, hutayamamu baada ya wakati wa sala kuingia, kwa udongo safi wenye vumbi: pigo la kwanza kwa uso, la pili kwa mikono miwili hadi viwikoni, na kila sala ya faradhi ina tayamamu yake. Mgonjwa asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu. Sheria imelegeza namna ya kusali, lakini haikumwambia yeyote mwenye akili zake aiache sala kwa sababu ya shida.

Msafiri naye amewekewa nafuu. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kiasi cha kilomita 150, masafa yanayoruhusu kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Tupange kabla ya kupanda basi au treni wapi tutasali, tusije tukafika Nairobi na sala mbili zimepita.

Iko pia hofu ya ndovu. Mbuga za Tsavo zimechukua kiasi cha asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hiyo, na ukame unapozidi, kama ulivyozidi katika 2021 na 2022, wanyama hutoka kutafuta maji na malisho katika makazi ya watu. Kutoka alfajiri gizani kwaweza kumgharimu mtu uhai. Kuhofia nafsi ni udhuru wa kutokwenda jamaa msikitini. Si udhuru wa kulala hadi jua lipande. Nyumba ikisali pamoja, baba mbele, mama na watoto nyuma, hiyo nayo ni jamaa.

Hata hivyo, mtihani mzito kuliko ukame ni ule unaotoka kwa watu. Katika Taita si ajabu ukoo mmoja kuwa na Waislamu na Wakristo, na dada aliyesilimu huweza kusimangwa na mamake mzazi kila atandikapo msala. Huyo tumwambie kwamba Kurani, katika Sura ya Luqman, yakataza kuwatii wazazi katika kumshirikisha Mungu, lakini hapo hapo yaamrisha kukaa nao kwa wema. Asmaa binti Abubakar (R.A.) alipojiwa na mamake ambaye hakuwa Mwislamu, Mtume (S.A.W.) alimwagiza aunge udugu naye. Dada yetu na asisali kwa kushindana. Asali kwa wakati, kisha ainuke akamsaidie mamake kuteka maji. Matendo hayo mawili yatasema kuliko majibizano.

Kwa wazazi wenye watoto shuleni, ni vyema kujua sheria. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu uhuru wa kudhihirisha dini yake kwa ibada, na yakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Katika shauri la hijabu lililotoka Isiolo, Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi wasichana mwaka 2016. Tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa kasoro ya namna dai lilivyowasilishwa. Kwa hiyo tusimtume mtoto akabishane na mwalimu. Mzazi mwenyewe aende, kwa adabu na kwa maandishi, akaombe muda wa sala na mahali pa kusalia, kabla ugomvi haujazuka.

Abu Jahli alimzuia Mtume (S.A.W.) asisali kwenye Al-Kaaba, na Sura ya Alaq ikamalizika kwa kumwamrisha Mtume asimtii, bali asujudu na kujikurubisha kwa Mola wake. Hilo ndilo jibu la mwenye kuzuiwa.

Nasi tulio katika neema tuwatembelee ndugu zetu wa Voi, Mwatate na Taveta, tuwapelekee walimu na vitabu, na tuwaombee.

Ewe Mola wetu, tujaalie sisi na vizazi vyetu tuwe wenye kusimamisha sala, katika raha na katika dhiki. Amin.

Wabillahi taufiki.