Kidole gumba kilipougua kabla ya pambano

Mwezi wa Desemba mwaka wa 2023, mama mmoja mkazi wa Kitengela aliniletea mwanawe wa miaka 19. Alimketisha mbele yangu akaanza kueleza kabla hata sijauliza neno. "Daktari, mwambie huyu aachane na hiyo michezo ya televisheni. Mimi nimeshindwa. Sasa hata kikombe cha chai hawezi kushika."

Kijana alikuwa kimya, mkono wa kushoto ameupakata kama kifaranga. Nilimwuliza kama huandika kwa mkono huo, akasema la, yeye ni wa kulia. Hilo lilinishangaza kidogo. Maumivu ya namna ile, pale kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, mimi huyaona zaidi kwa akina mama waliojifungua karibuni, ambao kutwa nzima humwinua mtoto kwa kumshika makwapani. Kijana huyu hakuwa na mtoto wa kubeba, wala hakuwa akifanya kazi ya mjengo.

Jawabu lilikuwa katika mchezo uitwao Tekken.

Kwa msomaji asiyeujua, huu ni mchezo wa video ambapo watu wawili hupigana kwenye skrini, kila mmoja akimwongoza mpiganaji wake kwa vitufe. Toleo la tatu liliingia katika mashine za PlayStation mwaka wa 1998, na wengi walio wazazi leo waliwahi kuucheza katika vibanda vya mitaani. Sikatai kwamba nami nilikula nauli yangu huko. Toleo la nane lilikuwa limetangazwa kutoka tarehe 26 Januari 2024, na katikati ya Desemba watengenezaji wake, Bandai Namco, walitoa sehemu ndogo ya kuonja. Kwa vijana hawa, huo ulikuwa mwanzo wa msimu wa mazoezi.

Wala si mzaha kwao. Sylvia Gathoni, Mkenya ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, aliucheza mchezo huu hadi akasajiliwa na timu ya ng'ambo. Arslan Ash, kijana wa Lahore nchini Pakistan, alikwenda Las Vegas mwaka wa 2019 akashinda shindano kubwa la Evo, akitoka katika mji ambao wakubwa wa mchezo huo hawakuwa wakiuhesabu. Mgonjwa wangu alinitajia jina hilo jinsi sisi tulivyokuwa tukimtaja Paul Tergat.

Nilimwomba anionyeshe mkono wake hufanya nini. Akashika hewa kana kwamba ameshika padi ya kuchezea. Kidole gumba cha kushoto ndicho kinachomwelekeza mpiganaji: mbele, chini, nyuma. Iko mbinu ya kurudi nyuma upesi bila kupigwa, ambayo wachezaji waliirithi kutoka kwa Wakorea, na inataka kidole kibonyeze nyuma, nyuma, chini kwa mshazari, kisha nyuma tena, na tena, bila kupumzika. Ziko ngumi ambazo hazitoki vizuri mpaka vitufe viwili vibonyezwe kwa wakati mmoja hasa, na mchezo wenyewe huigawa sekunde moja mara 60. Mchezaji anayetaka kuijua ngumi hiyo huirudia mara mia, mara mia mbili, peke yake usiku.

Sasa tazama kidole gumba chako. Ukikiinua juu kama anayesema mambo ni sawa, utaona kano mbili zikijitokeza kandokando ya kishimo kidogo karibu na kifundo. Ile iliyo upande wa kiganja hukaa pamoja na mwenzake, na hizo mbili hupita katika ala moja nyembamba juu ya mfupa, jinsi kamba ipitavyo ndani ya bomba. Zikisuguliwa kupita kiasi, ala hunenepa na nafasi hupungua, na kila kidole kinaposogea mtu huhisi kama anachanwa na wembe. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, ndiye aliyeueleza ugonjwa huo mwaka wa 1895, na bado unaitwa kwa jina lake. Na si mara ya kwanza michezo ya video kulaumiwa: mwaka wa 1990 daktari mmoja wa Marekani aliandika katika jarida la utabibu kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyeumia kidole gumba baada ya kucheza Nintendo kwa saa tano.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha upinde mkono polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Mwenye ugonjwa huu ataruka. Kijana wangu aliruka.

Nilipomwuliza amekuwa akicheza saa ngapi ndipo nilipoelewa zaidi. Toleo jipya halichezeki katika PlayStation 4, ambayo ndiyo iliyojaa vibandani. Yeye na wenzake watano walikuwa wamechanga pesa wakanunua mashine mpya moja, na kila mmoja ana usiku wake. Mtu mwenye usiku mmoja kwa juma hawezi kukubali kulala. Hucheza kuanzia saa mbili mpaka alfajiri, akijisukuma kwa vinywaji vya kuchangamsha, na siku nyingine hufanya mazoezi kwa toleo la zamani. Hata mwanariadha wa Ngong hafanyi mazoezi hivyo, kwa sababu kocha wake atamfukuza.

Mama alinitazama akingoja nitoe hukumu. Alitaka niandike kwenye karatasi kwamba mchezo ni marufuku. Nilikataa, na nadhani alinikasirikia.

Shirika la Afya Duniani linatambua ugonjwa wa uraibu wa michezo hii, na umekuwamo katika orodha yake rasmi tangu Januari 2022. Lakini mtu hapewi jina hilo kwa sababu anacheza sana. Ni lazima awe ameshindwa kujizuia, mchezo umeyapiku mambo mengine yote, na aendelee ijapokuwa unamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kijana huyu alikuwa akihudhuria chuo na kufaulu, akila na wenzake, akienda kanisani na mamaye. Miezi michache baadaye mzee mmoja alitoka Kajiado mjini na mwanawe aliyekuwa ameacha shule, haogi, na ameuza simu ya dadake ili apate pesa za kibandani. Huyo nilimpeleka kwa mtaalamu wa akili siku iyo hiyo. Hao ni wagonjwa wawili tofauti, na mzazi asiwachanganye.

Kijana wa Kitengela nilimpa banzi la kukishika kidole gumba na kifundo, alivae kwa majuma manne, pamoja na tembe za ibuprofeni kwa siku chache, azinywe baada ya kula kwa sababu huchoma tumbo. Maumivu yasipopungua, kuna sindano ya steroidi ndani ya ala, nayo husaidia wengi, ila kwa sisi wenye ngozi nyeusi inaweza kuacha doa jeupe pale ilipochomwa. Upasuaji huja mwisho kabisa. Wenye ganzi katika kidole gumba na vile viwili vinavyofuata, hasa usiku, wana ugonjwa mwingine wa mshipa wa fahamu, nao wasikae nyumbani wakijichua kwa dawa za sokoni.

Kabla hawajaondoka niliuliza kama kuna yeyote katika wale sita mwenye kifafa. Wakati ule ule, wataalamu walikuwa wakionya kuhusu mpangilio mmoja katika toleo la kuonja, uliowekwa kwa ajili ya watu wasiotambua rangi, ambao uliwajaza wapiganaji mistari. Mpangilio huo ulikuwa wa hiari, lakini mistari inayosogea, kama taa zinazomemeta, huweza kuamsha kifafa kwa watu wachache, yapata watatu katika kila 100 wenye ugonjwa huo. Huko Japani, Desemba 1997, mamia ya watoto walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi kimoja cha Pokemon. Nilimweleza kwamba mtu akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, na ikipita dakika tano apelekwe hospitali.

Alirudi kwangu mwishoni mwa Januari, mchezo umekwisha kutoka, banzi lingali mkononi. Wenzake walikuwa wamempa mtu mwingine usiku wake. Nilimwongezea majuma mawili, kisha nikamruhusu kuanza na dakika 30, apumzike 10, na asizidishe saa mbili kwa siku. Mwezi wa Machi alipita kunisalimu. Pambano lake la kwanza, akaniambia akicheka, alipigwa raundi tatu kwa bila na mvulana wa kidato cha pili.